Ndevu za Mahindi na Daktari wa Tübingen

Nilikuwa darasa la tatu mwaka ule, na shamba la bibi lilikuwa Handeni, nyuma ya nyumba, likishuka taratibu mpaka kwenye korongo. Masika yalikuwa yamekubali. Mahindi yalikuwa yametunisha matumbo na kutoa ndevu, zile laini ambazo ukizishika asubuhi zinakuachia umande kiganjani. Bibi alikuwa amekataza kabisa kuvunja hindi bichi kwa ajili ya mchezo, na amri ya bibi haikuwa na rufaa. Lakini mimi na wadogo zangu wawili tulikuwa na wanasesere wa magunzi ya mwaka uliopita, na mwanasesere asiye na nywele ni gunzi tu. Tukaona njia: tutachukua ndevu peke yake, hindi lenyewe tutaliacha kwenye bua.

Tulifanya hivyo karibu kila siku, wiki nzima na ushee, kwenye mistari miwili ya mwisho ambako bibi hakufika mara kwa mara. Ndevu zikichomoza tena, tunarudi. Za zambarau tulizithamini kuliko za dhahabu, na mdogo wangu wa mwisho alilia nusu siku kwa sababu ya fungu moja la zambarau.

Siku ya kuvuna, bibi alimenya hindi la kwanza la mistari ile akanyamaza. Akamenya la pili. Ndani ya maganda mazuri yaliyokauka vizuri kulikuwa na gunzi jeupe lenye vishimo vilivyopangwa mstari kwa mstari, kila kimoja mahali pake, na punje hakuna. La tatu lilikuwa na punje nne, nene na za mviringo, kwa kuwa hazikuwa na jirani wa kuzibana. Hakutuchapa. Alitafuta hindi lililochelewa, bado bichi, akaketi nasi chini ya mwembe, akalimenya polepole. Akafuata unywele mmoja kwa ukucha wake, kutoka kwenye ncha hadi ulikolala katikati ya punje. Kisha wa pili. Kisha wa tatu. "Wajukuu zangu," akasema, "kila unywele ni mdomo wa punje yake. Mkiung'oa, punje itakula nini?"

Hindi lile nilikuja kukutana nalo tena nikiwa mtu mzima, mwalimu wa baiolojia, ndani ya barua iliyoandikwa tarehe 25 Agosti 1694 katika mji wa Tübingen, kusini mwa Ujerumani. Mwandishi wake ni daktari aitwaye Rudolf Jakob Camerarius. Anaeleza kwamba alizikata kwa uangalifu ndevu za mahindi zilizokuwa zimeanza kuning'inia, na kwamba mahindi mawili yakabaki bila punje hata moja, ingawa vijumba vitupu vya punje vilikuwa vingi sana. Niliisoma sentensi ile mara tatu. Nililiona gunzi jeupe mkononi mwa bibi.

Tangu hapo nimekuwa nikimtafuta mtu huyu kila nipatapo nafasi. Katika vitabu ninavyofundishia kuna sentensi moja tu: ua lina sehemu ya kiume na sehemu ya kike. Wanafunzi huiandika, huikariri, huijibia mtihani. Imekaa pale kama vile ilishuka na mvua. Lakini kuna mtu aliyeitolea jasho sentensi ile, majira baada ya majira, ameinama juu ya vyungu vya udongo, na naona ni deni kumtaja.

Camerarius alizaliwa Tübingen tarehe 12 Februari 1665. Nyumba yao ilikuwa ya udaktari: baba yake, Elias Rudolf, alikuwa profesa wa tiba katika chuo kikuu cha mji huo, na miaka mingi baadaye Alexander, mtoto wa Rudolf mwenyewe, naye akaja kufuata njia ileile. Kwa lugha yetu tungesema uganga wao ulikuwa wa ukoo. Kijana Rudolf alisoma falsafa na tiba pale pale nyumbani, kisha kati ya 1685 na 1687 akasafiri Uholanzi, Uingereza, Ufaransa na Italia, kama walivyofanya vijana wasomi wa wakati ule. Mwaka 1688, hajafikisha hata miaka 24, chuo kikampa kufundisha tiba na kikamkabidhi usimamizi wa bustani ya mimea. Mwaka uliofuata wakamwongezea elimu ya maumbile. Baba yake alipofariki mwaka 1695, yeye ndiye aliyeshika kiti chake.

Kwa nini daktari apewe bustani? Yeyote aliyewahi kumwona mzee akirudi kutoka porini na mizizi ndani ya kanga anajua jibu. Kabati la dawa la daktari wa Ujerumani wa karne ya 17 lilikuwa majani, magome, mbegu na mizizi. Mwanafunzi wa tiba asiyeweza kutofautisha mmea na mwenzake angeweza kuua mtu huku akidhani anamponya. Kwa hiyo vyuo vikuu vililima bustani, na profesa wa tiba alikuwa pia bwana shamba, anawatembeza wanafunzi kwenye matuta, anawaonyesha hiki ni cha homa, hiki cha tumbo, hiki usikiguse.

Tübingen ilikuwa na jina katika jambo hili tangu zamani. Leonhart Fuchs, daktari mwingine, alifundisha hapo kuanzia 1535 hadi alipofariki mwaka 1566, na kitabu chake kikubwa cha mimea kilichochapishwa Basel mwaka 1542 kina picha zaidi ya 500, zilizochorwa kwa kuutazama mmea wenyewe. Mojawapo ni ya mahindi, kati ya picha za mwanzo kabisa za zao hilo kuchapishwa Ulaya: bua refu, mizizi, ndevu zinaning'inia. Fuchs aliamini mmea huo umetoka kwa Waturuki, akauita nafaka ya Kituruki. Nasi huku pwani tuliamini umetoka kwa Wahindi, tukauita muhindi. Wote tulikosea, kwa maana mahindi yametoka Amerika, lakini kila mmoja alilipatia zao hilo jina la mlango lilikoingilia. Kila nikisonga ugali nakumbuka kwamba jina la mahindi tu limebeba safari ya bahari mbili.

Turudi kwa Camerarius. Ili kuona ukubwa wa alichofanya, yafaa kujua watu waliamini nini. Neno dume na neno jike yalitumika kwa mimea tangu enzi za Wayunani, lakini kwa kukisia tu: mmea mkubwa wenye nguvu huitwa dume, mwembamba wenye majani laini huitwa jike, hata kama yote miwili ni ya aina moja au haihusiani hata kidogo. Unga wa manjano ulio ndani ya ua, ambao leo tunauita chavua, wasomi wakubwa waliudhani ni taka. Mtaalamu maarufu wa mimea wa Ufaransa, Joseph Pitton de Tournefort, aliyeishi wakati mmoja na Camerarius, aliona kwamba zile nyuzi zinazobeba chavua ni viungo vya kutolea uchafu wa mmea. Huko Uingereza Nehemiah Grew alikuwa ameandika mwaka 1682 kwamba huenda hizo ndizo sehemu za kiume. Lilikuwa wazo zuri. Wazo si ushahidi, na Grew hakuthibitisha.

Hapo msomaji wa Muscat, au wa Unguja mwenye jamaa Oman, atanyanyua mkono. Mtende je? Ni kweli. Watu wa Ghuba na Mesopotamia wamekuwa wakipandisha mitende kwa mkono tangu maelfu ya miaka. Mkulima hukwea mtende dume, hukata shada lake la maua, hushuka, kisha hukwea majike mmoja mmoja na kuchomeka vijiti vya dume katikati ya maua ya kike. Dume mmoja hutosha majike mengi. Asipofanya hivyo, tende hazishiki vizuri, na zinazoshika huwa duni. Wayunani waliyajua haya na wakayaandika. Hata huku kwetu, nani hajui mpapai dume? Unamwagilia mwaka mzima, unatoa vishada virefu vya maua yanayonukia, halafu papai hamna.

Lakini watu waliuona mtende kama jambo la mtende, na papai kama jambo la papai. Hakuna aliyesema: hii ni kanuni, iko kwenye harage, iko kwenye boga, iko kwenye gugu la njiani, na mimi nitaionyesha. Kutenda kulikuwepo, tena kwa ufundi mkubwa. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza swali kwa mmea usiotarajiwa, kisha kungoja mmea wenyewe ujibu.

Camerarius alianza na mforosadi. Katika bustani aliona mforosadi jike umezaa matunda ingawa hapakuwa na dume jirani. Mtu mwingine angekula forosadi zake na kuondoka. Yeye alipasua mbegu akakuta zote ni tupu, magamba yasiyo na kiini. Akazifananisha na mayai viza: kwa nje yai kamili, kwa ndani hakuna kifaranga. Ulinganisho huo naupenda, maana ni kama wa mtu aliyekulia kwenye nyumba yenye kuku.

Kisha akachukua gugu dogo la Ulaya liitwalo Mercurialis annua, ambalo mimea yake ya kiume ni mbali na ya kike ni mbali. Alihamisha majike mawili kutoka nje, akayatia kwenye vyungu, mbali na dume lolote. Yakastawi. Yakatoa vitunda vingi. Lakini vitunda vilipofika nusu ya kukomaa vikaanza kunyauka, na hakuna hata kimoja kilichotoa mbegu nzima. Taarifa hiyo aliiandika mwishoni mwa mwaka 1691.

Hapa ndipo angeweza kusimama. Lakini mimea hiyo tayari imetengana, dume huku na jike kule, kama mtende. Swali gumu lilikuwa la mimea yenye vyote viwili katika shina moja. Je, hapo pia unga wa manjano una kazi? Ili kujua, haikutosha kutenganisha mimea. Ilibidi kukata.

Alichagua mbarika. Moyo wangu ulicheza niliposoma hivyo, kwa sababu mbarika ni mwenyeji wa kwetu: asili yake ni upande huu wa mashariki na kaskazini-mashariki mwa Afrika, na hata leo unaota wenyewe kwenye majalala, kando ya reli na nyuma ya vyoo vya shule. Wengine huuita mnyonyo. Kama una mti wake karibu, nenda ukautazame. Shada la maua linasimama wima. Chini ya shada kuna maua ya kiume, vishada vya manjano vilivyopasuka kama bisi. Juu yake kuna maua ya kike, kila moja na manyoya mekundu matatu yaliyogawanyika ncha, na chini ya manyoya hayo tayari kuna kijitunda chenye miiba laini. Ndani ya kila tunda, likikomaa, mna mbegu tatu zenye madoadoa. Jina la Kilatini la mmea huo, Ricinus, maana yake ni kupe, na aliyewahi kuchunga ng'ombe akishika mbegu ile mkononi hataomba maelezo.

Camerarius aliondoa maua ya kiume ya mbarika yakiwa bado vitumba, kabla hayajapasuka na kumwaga unga, na akahakikisha hayachomozi mengine. Vijitunda vya kike akaviacha salama. Halafu akangoja. Vijitunda vikavimba kidogo, vikaonekana kama vitakuwa kitu. Hakupata mbegu kamili hata moja. Aliona vifuko vitupu, ambavyo mwishowe vilichoka, vikakauka, vikaanguka chini.

Na baada ya mbarika, mahindi. Hapo alikata upande wa pili, ndevu, yaani njia ya kuingilia. Akapata magunzi yaleyale ya bibi. Ukikata dume, hakuna mbegu. Ukikata njia ya jike, hakuna mbegu. Pande zote mbili zimetoa ushahidi, na shahidi ni mmea wenyewe.

Leo tunajua undani ambao yeye hakuweza kuuona. Mbelewele, lile ua la juu ya bua, humwaga chembe za chavua kwa mamilioni, na upepo huzitawanya. Chembe moja ikinasa kwenye unywele mmoja, huotesha kijimrija chembamba kinachoteremka ndani ya unywele, urefu wote, kwa muda wa kama siku moja, mpaka kulifikia yai la punje. Kila unywele una punje yake, na kila punje unywele wake. Ndiyo maana hindi lililopandwa peke yake kando ya nyumba huwa na mapengo, na lililo katikati ya shamba hujaa mpaka nchani. Bibi hakuwa na darubini, lakini kuhusu unywele na punje alisema kweli tupu.

Sasa nifike kwenye sehemu ya barua inayonifanya nimheshimu Camerarius kuliko yote.

Alijaribu pia bangi, ile iliyolimwa Ulaya kwa ajili ya nyuzi za kamba na nguo. Nayo mimea yake ya kiume ni mbali na ya kike ni mbali, kwa hiyo ilipaswa kuwa rahisi kuliko mbarika. Aliondoa madume. Majike yakatoa mbegu. Nyingi zilikuwa tupu, lakini baadhi zilikuwa nzima, zenye uhai. Akarudia, safari hii akitenga mimea vizuri zaidi. Mbegu nzima zikatokea tena. Anakiri kwamba jambo hilo lilimkera.

Hebu mfikirie. Ana mforosadi, ana Mercurialis, ana mbarika, ana mahindi, ana mchicha wa Kizungu aliouchunguza pia, na vyote vinasema neno moja. Bangi peke yake ndiyo inayombishia. Barua ni yake, kalamu ni yake, na profesa atakayeisoma yuko mji mwingine, hawezi kuja kuchungulia vyungu. Angeweza kuiacha bangi nje. Badala yake akaiandika pamoja na usumbufu wake wote. Leo maelezo yapo: bangi jike mara nyingine huchomoza maua machache ya kiume miongoni mwa ya kike, na chavua yake husafiri mbali kwa upepo. Camerarius hakujua hayo. Alichojua ni kwamba ameona mbegu zile, na aliyeziona hana ruhusa ya kuzificha.

Nimefundisha miaka kadhaa sasa, na nimesahihisha daftari nyingi za majaribio ambamo kila jibu limekaa sawasawa na kitabu, hata siku ambayo taa ya spiriti ilizimika katikati ya kazi. Siwalaumu watoto. Sisi wakubwa ndio tuliowafundisha kwamba jibu lisilolingana na kitabu ni aibu.

Barua ile aliiandikia Michael Bernhard Valentini, profesa wa chuo cha Giessen. Inajulikana kwa jina la De sexu plantarum epistola, barua juu ya jinsia ya mimea. Hitimisho lake halina kuzungukazunguka: vifuko vya chavua ndivyo viungo vya kiume, sehemu ya katikati yenye mbegu ndiyo ya kike, na bila vya kwanza, ya pili haizai. Mwishoni mwa barua kuna kitu ambacho msomaji wa Kiswahili atakithamini upesi: shairi la Kilatini, beti 26, bila jina la mtunzi, likiimba habari za ufalme mpya wa mapenzi uliogunduliwa katika maua. Mtu amethibitisha jambo kubwa la elimu, na hapo hapo mwingine kalitungia shairi. Kwetu jambo hilo lingekuwa la kawaida kabisa.

Pia ndani ya barua hiyo aliuliza swali ambalo hakulijibu. Je, jike la mmea mmoja linaweza kushika mimba kwa dume la mmea wa aina nyingine? Bangi jike kwa chavua ya hopi, mmea unaotiwa kwenye bia, kwa mfano. Au mbarika ulioondolewa maua yake ya kiume ukapewa unga wa mahindi? Na kama mbegu itatoka, mche wake utakuwa umebadilika kiasi gani? Mbarika na mahindi haviwezi kuzaana, hilo tunalijua. Lakini swali lenyewe ni mlango, na waliokuja baadaye waliupita. Joseph Gottlieb Kölreuter, daktari aliyesoma hapo hapo Tübingen, alizalisha chotara wa tumbaku za aina mbili katika miaka ya 1760.

Kutoka hapo ni njia moja mpaka Kitale. Mwaka 1964 watafiti wa Kenya walitoa mbegu ya mahindi chotara iitwayo H611, iliyotokana na kuunganisha mahindi yaliyozoea nyanda za juu za Kitale na mahindi kutoka Ecuador. Mpaka leo, kwenye mashamba ya mbegu, ukipita msimu wake utaona vibarua wakitembea mstari kwa mstari, mikono juu, wakichomoa mbelewele za mistari ya kike kabla hazijamwaga unga, na kuacha mistari ya kiume peke yake ichavushe. Ni kazi ya jua kali, majani ya mahindi yanakata ngozi ya mikono kama wembe, na bua moja likisahaulika linaweza kuharibu usafi wa mbegu. Mifuko mingi ya mbegu ya mahindi chotara dukani imepitia mikono hiyo. Wanachofanya ni kilekile alichoufanyia mbarika wake daktari wa Tübingen.

Je, dunia ilimshangilia? Taratibu sana. Wapo waliomkubali, wapo waliompuuza, na Tournefort na wafuasi wake waliendelea na habari ya taka. Carl Linnaeus alipotoka mwaka 1735 na mpango wake wa kupanga mimea kwa kuhesabu viungo vya kiume na vya kike, sifa nyingi zilimwendea yeye, ingawa kuhesabu viungo si kuthibitisha kazi ya viungo hivyo. Barua ya Camerarius ilichapishwa upya mwaka 1749 na Johann Georg Gmelin, profesa wa Tübingen naye. Na kulikuwa na jambo kubwa ambalo Camerarius hakuligusa: nyuki. Kazi ya wadudu katika maua ilielezwa na Kölreuter, kisha kwa kina zaidi na Christian Konrad Sprengel mwaka 1793.

Yeye mwenyewe alibaki daktari na mwalimu, mjini kwake. Mwaka 1699 aliandika juu ya uhusiano kati ya umbo la mmea na nguvu yake ya dawa, kwamba mimea inayofanana katika maua na matunda yaelekea kufanana katika tiba. Wazo hilo linamfaa hata mama anayelima rehani na mnanaa karibu na mlango wa jikoni: mashina ya pembe nne, majani yanayonukia ukiyasugua, jamaa moja. Wataalamu wa dawa za mimea wanalitumia mpaka leo, kwa tahadhari, kwani mnavu tunaoupika na muranaha unaotia wazimu nao ni ndugu.

Kifua kikuu ndicho kilichomchukua, tarehe 11 Septemba 1721, akiwa na miaka 56. Daktari aliyejua mimea mingi ya dawa, na ndani ya bustani yake yote hapakuwa na jani la ugonjwa ule. Hilo limenikaa rohoni, maana babu yangu naye alikohoa hivyo hivyo, na bibi alichemsha kila alichokijua.

Mwaka jana niliwachukua wanafunzi wangu wa kidato cha tatu hadi kwenye kishamba cha shule. Tulivika mahindi kumi mifuko ya kaki kabla ndevu hazijachomoza, tukaifunga kwa uzi chini. Mengine kumi tuliyaacha wazi. Binti mmoja mpole, ambaye darasani huwa haongei, alichukua jukumu la kwenda kutazama mifuko kila asubuhi kabla ya kengele, na ilipolowa kwa mvua akaibadilisha bila kuambiwa.

Tulipomenya, tisa kati ya yale ya mifuko yalikuwa matupu, meupe, yenye vijumba vilivyopangwa. La kumi lilikuwa na punje kumi na moja. Yule binti akanitazama. "Mwalimu, hili tuliandike au tuliache?" Tuligeuza ule mfuko kwenye mwanga tukitafuta tundu. Tuliona mahali uzi ulipolegea, labda ndipo, labda sipo. Akaandika kumi na moja, na pembeni akachora uzi uliolegea.

Punje zile hatukuzila. Tulizipanda nyuma ya ofisi ya walimu, umbali wa hatua kadhaa kutoka kwenye shamba kubwa. Zimeota nane. Nilipozipima Ijumaa zilikuwa zimenifika kiunoni, na kwenye bua mojawapo, ukipapasa juu kwa vidole, mbelewele imeanza kujaa ndani ya jani.